Mgonjwa Akiruhusiwa, Nani Atamsomea Karatasi?

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali, sisi huku Embu na Meru twajua kushangilia. Kuku huchinjwa, majirani huja, chai hutiwa sukari hadi kijiko kisimame. Halafu tunasahau kwamba aliyelazwa kwa kisukari au presha hajapona. Magonjwa hayo si kama malaria. Hutulizwa kwa dawa kila siku, na kazi hiyo hufanyika nyumbani, si wodini.

Na nyumbani kuna nini? Kuna karatasi! Nyanya yangu wa Mbeere alilazwa wiki mbili, akarudi na karatasi ya Kiingereza cha haraka haraka: BD hapa, TDS pale. Hata hicho si Kiingereza, ni Kilatini kilichofupishwa. BD ni mara mbili kwa siku, TDS ni mara tatu. Nyanya anasema Kimbeere, na Kiswahili cha sokoni anakielewa vizuri, lakini hapakuwa na hata neno moja la lugha hizo. Kwenye bahasha ya dawa paliandikwa 1x2. Jirani yake mmoja huisoma kuwa ni kidonge kimoja kila baada ya siku mbili. Utamlaumu?

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sasa mbona muuguzi huongea nasi Kiswahili safi, lakini akishika kalamu tu, kwisha?

Ya kuandikwa si mengi. Kwanza, presha haiumi, kwa hivyo kujisikia vizuri si sababu ya kuacha vidonge. Hili ndilo hunikera zaidi, maana watu huacha dawa wakipata nafuu, au humgawia mwenzao eti naye ana "presha kama yangu", hadi kiharusi kibishe hodi. Miraa ya Igembe na muguka wetu wa Mbeere pia hupandisha presha na kuuendesha moyo mbio. Najua hapa nitapata maadui, kwani karo ya wengi wetu hutoka humo. Insulini iliyofunguliwa yaweza kukaa nje ya friji kama wiki nne, mradi isipatwe na joto kali. Penye jua kama Kiritiri, ihifadhiwe ndani ya chungu cha udongo kinacholoweshwa maji kwa nje. Tena mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni, kwani kidonda chaweza kuanza bila maumivu, na shambani wazee hutembea pekupeku.

Mwaka 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Vizuri sana, lakini mhudumu mmoja ana nyumba nyingi za kuzungukia. Hawezi kushinda kwetu.

Basi chama chetu kiache mdahalo mmoja muhula ujao, tuandike nusu ukurasa kwa Kiswahili, Kimeru, Kiembu na Kimbeere. Muuguzi wa zahanati iliyo karibu aukague kwanza, maana sisi si madaktari. Likizo ikifika, kila mmoja aketi na mzee wake wapitie vidonge kimoja kimoja, tarehe ya kliniki iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, na nauli ya matatu kutoka Siakago hadi Embu itengwe mapema, kabla pesa za muguka hazijaisha.