WAJA LEO, WAONDOKA LEO: MPAKA LINI?

Mji wetu una msemo wake wa siku nyingi: Tanga, waja leo waondoka leo. Wazee wana maana zao katika msemo huo, lakini nenda stendi ya Kange uone ulivyogeuka kuwa kweli tupu. Mgeni anashuka na shanta lake mgongoni, anauliza gari la Pangani au la Lushoto, anakunywa soda, huyoo! Hata usiku mmoja halali.

Mmoja aliniuliza pale pale stendi, mjini kwenu kuna nini cha kuona? Nikaanza kumhesabia. Mapango ya Amboni, kilomita kama 8 tu kutoka mjini, alikojificha Osale Otango, yule aliyewatoa jasho wakoloni miaka ya 1950. Magofu ya Tongoni. Boma la Mjerumani. Vita vya Novemba 1914, Waingereza walipoleta askari wapatao 8,000 kutoka India, wakatimuliwa na jeshi la watu kama 1,000 la Lettow-Vorbeck, na nyuki nao wakatia mkono! Kaburi la Shaaban Robert kule Machui. Mgeni akatoa macho: mbona hakuna aliyeniambia? Sikuwa na jibu, wala karatasi yenye ramani ya kumpa. Konda akaita, mtu wangu akapanda.

Sasa tuulizane, kwani wewe kijana wa Ngamiani na Makorora ndiye unayekosa mkate hapo. Nani analipwa kuutangaza mji huu?

Utaambiwa ipo Bodi ya Utalii. Sawa, ipo. Lakini bodi hiyo inauza nchi nzima, na mwenye duka huweka mbele bidhaa inayotoka: Serengeti, Ngorongoro, Mlima Kilimanjaro. Hatumlaumu. Ila anayengoja Tanga ifike mbele ya kaunta hiyo atangoja mpaka mkonge utoe maembe.

Na fedha je? Hapa ndipo penye utamu. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 ilileta tozo ya maendeleo ya utalii, na mwaka 2013 hoteli zikaanza kutozwa dola 1.5 za Marekani kwa kila mgeni kwa kila usiku. Fedha hiyo ni ya taifa, haibaki Raskazoni. Amboni nako kumewekwa chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Pango letu, mzimu wetu, mwenye ufunguo yuko kwenye kreta!

Kinachobaki kwetu ni ushuru wa nyumba za kulala wageni, unaokusanywa na halmashauri. Huo nao ukishaingia, unatumbukizwa katika kapu moja na ushuru wa soko na leseni za maduka. Kapu hilo ndilo hilo la posho za vikao. Ukiuliza ni shilingi ngapi iliyotolewa na wageni ikarudi kuwatafuta wageni wengine, utaambiwa njoo kesho.

Tunasema hivi: Jiji litunge sheria ndogo, sehemu ya ushuru wa gesti itengwe, iwe na akaunti yake, na kazi yake iwe moja tu, kuuza jina la Tanga. Si ndoto ya mlevi. Kenya walianza kuwatoza wenye hoteli asilimia 2 tangu miaka ya 1970, na fedha hiyo ndiyo iliyoendesha Chuo cha Utalii cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1975. Vijana wa rika lako wakatoka pale na kazi mkononi. Na Eckernförde, mji wa Ujerumani uliofanya urafiki na Tanga tangu mwaka 1963, una ada ya wageni, na ada hiyo haiendi popote ila kwenye mambo ya wageni. Viongozi wetu wamekaribishwa huko mara ngapi? Walikwenda kuangalia nini, bahari?

Tahadhari moja. Mfuko bila macho ni ulaji. Tunawajua wazito wetu: kwanza semina, halafu fulana na kofia, halafu bango kubwa lenye sura ya mheshimiwa badala ya pango. Hapana. Shilingi ya kwanza iweke vibao vya njia kutoka Kange mpaka Amboni na Tongoni. Ya pili ijenge choo cha heshima. Ya tatu ifundishe vijana 20 kuongoza wageni: historia, lugha, na kutomtoza mtu bei ya wizi kwa sababu ya rangi yake (hilo nalo tuambiane, wapo wenzetu wanaotuharibia). Ile asilimia 4 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi vya vijana inunue baiskeli za kukodisha. Baiskeli, Tanga! Mji gani mwingine una haki nayo kuliko huu?

Mahesabu yabandikwe ukutani kila robo mwaka, hata muuza kahawa asome.

Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi. Nenda ukae nyuma kimya, na ukitoka mshike diwani wako mlangoni umuulize: ushuru wa gesti mwaka jana ulikuwa kiasi gani, na kwa wageni umerudi ngapi? Akikwambia njoo kesho, kesho nenda.