Kusimama Njiani Si Kushindwa

Wako askari na polisi ambao wakipata likizo huenda kutembea kwa miguu milimani, kwa siku saba au zaidi. Ni likizo njema kuliko kukaa baa. Lakini wengi wao hutoka kambini na hesabu isiyo na nafasi: siku saba za njia, siku mbili za gari, na siku ya kumi kuripoti kazini. Mguu ukivimba siku ya tatu, hakuna siku ya kuulaza. Basi mtu huendelea, akijiambia kwamba askari hasimami.

Fikira hiyo ni potofu, na yafaa tuipinge waziwazi.

Tuitazame Ruwenzori. Anayepanda kutoka Nyakalengija hulala usiku wa kwanza Nyabitaba, karibu mita 2,650 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa pili hulala John Matte, karibu mita 3,400. Wa tatu Bujuku, karibu 3,960. Na kibanda cha Elena kipo karibu 4,540. Madaktari wa milimani hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, asilale zaidi ya mita 500 juu ya alipolala jana, na kila siku tatu au nne apumzike bila kupanda. Msomaji na apige hesabu mwenyewe. Ratiba ya kawaida imepita kipimo hicho kabla hata mvua haijanyesha, na Ruwenzori mvua ni jambo la kila siku.

Wala nguvu za kwata hazisaidii hapo. Ugonjwa wa mwinuko humpata mwenye misuli kama umpatavyo karani. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, dawa ya kwanza ni kulala pale pale siku moja zaidi. Akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa, au kuhema hali ameketi, hapo hakuna tena habari ya kupumzika: ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku.

Miguu nayo ina historia yake jeshini. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika juu ya askari waliovimba nyayo kwa kutembea mno. Eksirei zilipopatikana, mwishoni mwa karne hiyo, ikaonekana kwamba mifupa ya nyayo ilikuwa imepasuka. Lengelenge laweza kufungwa bendeji na safari ikaendelea kesho yake. Mfupa uliopasuka huchukua wiki nyingi, na mwenye nao hafai doria wala paredi.

Hata hivyo, kinachowazuia watu wasisimame si ujinga wa mambo hayo. Ni aibu. Koplo anayetembea na meja wake haoni wepesi kusema, "Afande, kichwa kinaniuma." Wote wawili wamevaa nguo za kiraia na gambuti za matope, lakini vyeo vimepanda mlima pamoja nao. Kwa hiyo ni wajibu wa mkubwa kuuliza kwanza, kila jioni, na kuuliza kwa namna ambayo mdogo anaweza kujibu ukweli. Akisema yeye mwenyewe kwamba magoti yamechoka na kesho hatupandi, hakuna atakayemdharau. Nadhani wengine watashukuru kimoyomoyo.

Sisemi kwamba mtu achelewe kurudi kazini. Kuchelewa likizo ni kosa, na kidonda cha mguu hakilifuti. Ndiyo maana siku hiyo ya ziada itengwe ndani ya ruhusa yenyewe, kabla ya kuondoka, bila kuipangia mahali, kwa kuwa hakuna ajuaye ni kibanda gani kitakachoihitaji. Isipohitajika, mtu atailala nyumbani kwake na watoto wake. Na kama ni milima ya wapagazi, unga na maharage ya siku hiyo yabebwe tangu chini, na malipo yao ya siku moja zaidi yawekwe kando, maana nao watakuwa kazini siku hiyo.