Tuwaondolee Watoto Hofu ya Mtihani

Bwana Mhariri,

Nawanasihi wazazi wenzangu wa Malindi na Kilifi, ambao, ilhali mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6, ulioanza mwaka 2022, haumzuii mtoto kuingia Gredi ya 7, wangali wakiwakeshesha wana wao kwa hofu ile ile ya KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi uliokoma mwaka 2023. Asilimia 20 tu ya alama za kumpangia mtoto shule ya sekondari ya juu ndiyo itokayo katika KPSEA. Basi mtoto na alale mapema, na kila alasiri asome kwa sauti, Kiswahili na Kiingereza pia, maana swali la hesabu ambalo haifahamu lugha yake humshinda kabla hajaanza kukokotoa. Nanyi walimu, tafadhali, mzoezeni mapema kujaza karatasi ya majibu.

Wako mtiifu,
Mzazi, Shella, Malindi