Mashine za Rongai zisiuzwe kwa kilo

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kifaa kuwa cha kale iwapo kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Reli ya kwanza ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Kwa hesabu hiyo, hakuna garimoshi lolote lililopanda kutoka Nakuru kupitia Rongai hadi Timboroa linalokingwa kwa umri wake. Mashine za mashambani nazo ni vivyo hivyo. Waziri anaweza kutangaza katika Gazeti Rasmi kwamba kitu fulani kinalindwa, lakini mnunuzi wa vyuma kuukuu hangoji gazeti. Anakuja na lori na mizani.

Magarimoshi angalau yalipata mtetezi. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yanalo Mount Gelai, garimoshi nambari 5918 la aina ya Garratt, lenye uzito wa tani 250 hivi, lililoundwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1950. Lipo pia behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka 1900. Wageni huulizia simba kwanza. Si neno, bora waingie.

Lakini nani ataitetea korona? Hii ndiyo mashine iliyoyalisha mashamba ya mkonge ya Rongai na Solai: majani yanaingia upande mmoja, yanasagwa, yanapigwa na ngoma yenye visu butu huku maji yakimiminika, na upande wa pili zinatoka nyuzi mbichi za kuanikwa. Reli ya tawi ilijengwa kutoka Rongai hadi Solai miaka ya 1920 ili mazao ya huko yafike sokoni. Historia ya wilaya nzima imo katika kelele na uvundo wa kiwanda kile, pamoja na jasho la wafanyakazi ambao majina yao hayakuandikwa popote ila kwenye daftari la mshahara.

Nakuru ina Hyrax Hill kwa ajili ya watu wa kale sana. Kwa karne ya viwanda haina kitu cha kulinganisha nayo. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa 2014, na mji ukaendelea na shughuli zake.

Serikali ya kaunti isiitazame Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limeyataja makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti. Hatudai jumba la vioo wakati vijiji vingine havina maji. Tunadai banda la mabati, grisi, na orodha ya mashine zilizobaki, pamoja na mtu wa kurekodi maelezo ya mafundi wazee wangali hai. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi watajifunza mengi kwenye gia wanayoiona kwa macho.

Mwezi Januari 2022, nguzo za umeme zilipoanguka na wezi wa vyuma wakalaumiwa, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu mara moja. Kumbe inawezekana. Safari hii hatuombi marufuku. Mwenye mashine ya zamani aiarifu kaunti siku 60 kabla ya kuiuza, nalo Bunge liiondoe ile tarehe ya 1895 na kuweka umri wa miaka 50 badala yake.