Fishi ya Mumbuti ni deni yetu pia

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto wenye kutungoja nyumbani, leo siongei juu ya bei ya zahabu. Naongea juu ya Bambuti, wenyeji wa pori.

Sisi wa Djugu, wengi tunaendaga kuchimba upande wa Mambasa. Nani anatuonyeshaga njia na vijito? Mumbuti. Nani anabebaga mizigo? Ni yeye. Tunamulipa chumvi, nguo ya kuzeeka, ao kopo ya pombe. Siku mtoto wake anagonjwa, chumvi hailipi fishi.

Niliona mama Mumbuti amefika kwenye kituo cha afya na mtoto mwenye homa. Wakamuuliza pesa. Watu wa foleni wakamucheka. Akarudi porini. Mimi nilikuwa kwenye ile foleni, nikanyamaza. Mpaka leo ninasikia haya.

Kuko ugonjwa unaitwa buba. Unakula ngozi ya mtoto, kisha mifupa. Dawa yake, azitromisini, inanywewa mara moja tu. Mtoto kuharibika mguu ju ya dawa ya mara moja?

Wengine watasema: «Hata sisi tunalipaga, yeye ni nani?» Kweli, tunalipaga. Lakini sisi tuko na kitu cha kuweka kwenye mizani. Yeye, pori yake tumeikata, nyama imekimbia, mto umejaa matope yetu. Na sheria iko: namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Wapigme, na kufikia huduma za lazima ni ndani yake. Sheria bila dawa ni karatasi.

Tena ugonjwa hauulizi kabila. Ebola ya 2018 mpaka 2020 ilipiga Mambasa, na kwetu Mongbwalu ikafika. Mgonjwa mwenye kufukuzwa leo, kesho ugonjwa wake uko kwenye kambi yetu.

Basi tunaomba hivi. Zone za afya zitume waganga mpaka kwenye kambi za Bambuti, wasingoje wagonjwa watembee siku mbili. Kila PDG wa shimo na komite yake waweke kidogo kila juma kwa fishi ya wale wanaotubebea mizigo. Na wewe mwenye kuwa kwenye foleni, usicheke. Sogea, mama apite na mtoto wake.