Gliserini ya mawese: mali iko Rumonge, kiwanda kiko mbali

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya RN3 na kupita Minago kuelekea mji wa Rumonge, michikichi inakusindikiza. Mawese ya ukanda huu huliwa na hupikwa sabuni. Katika kila kilo 100 za mafuta yanayogeuzwa sabuni kwa kostiki soda, hupatikana takriban kilo 10 za gliserini. Je, kuna biashara hapo?

Swali hili si geni. Baada ya mwaka 2000 Ulaya na Marekani zilitengeneza dizeli ya mimea kwa wingi, na gliserini ghafi ikajaa matangi hadi bei ikaanguka. Ndipo wataalamu wakatafuta vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha badiliko la kikemikali bila vyenyewe kuliwa. Mwaka 2006 Galen Suppes wa Chuo Kikuu cha Missouri alipata tuzo nchini Marekani kwa kutumia kichocheo cha shaba kugeuza gliserini, pamoja na haidrojeni, kuwa propilini glaikoli inayotiwa kwenye rejeta za magari. Kampuni ya Solvay ikatoa epiklorohidrini, malighafi ya rangi na gundi za epoksi, na mwaka 2012 ikafungua kiwanda Thailand chenye uwezo wa tani 100,000 kwa mwaka.

Tani 100,000! Hapo ndipo hesabu ya Minago inapogoma. Wapishi wadogo wa sabuni hawatenganishi chochote, gliserini hubaki ndani ya mche wenyewe. Viwanda vinavyotenganisha kwa chumvi hubaki na majimaji ambayo sehemu kubwa ni maji, chumvi na soda. Uchafu huo ni adui wa kichocheo: huziba uso wake na kukiua mapema, na kichocheo kipya ni fedha nyingi. Kwa hiyo kusafisha hutangulia, na kusafisha kunataka moto, wakati Burundi imepitia miaka ya uhaba mkubwa wa mafuta ya gari na mitambo.

Msafirishaji naye ana hesabu yake. Gliserini safi ni nzito kuliko maji, kwa hiyo pipa la lita 200 hubeba kama kilo 250. Ukibeba majimaji ya sabuni hadi Kigoma au Dar es Salaam, unalipia nauli ya maji.

Forodhani napo pana mtego. Gliserini ghafi pamoja na majimaji yake huingia namba 1520, lakini ikifikia usafi wa asilimia 95 huhamia 2905.45. Mwambie wakala wako ukweli wa mzigo kabla ya kufika mpakani, na cheti cha kipimo kiwepo.

Cheti hicho si karatasi tu. Mwaka 2022 watoto zaidi ya 60 walifariki Gambia, na dawa za maji walizopewa zilikutwa na sumu ya daiethilini glaikoli. Shirika la Afya Duniani limewataka watengenezaji kupima gliserini na propilini glaikoli kabla ya kuzitumia. Mnunuzi wa dawa au vipodozi hatagusa pipa lisilo na asili inayojulikana.

Kwa sasa gliserini ya Rumonge inalipa zaidi ikibaki ndani ya sabuni. Anayekuja na mpango wa mapipa aulizwe kwanza ana mkataba wa mnunuzi gani, na nani atasafisha.