Kibla Ukiwa Kisii



Msomaji wetu mmoja wa Mombasa alimpeleka bintiye shule ya bweni huko Kisii. Kabla ya kuagana, mama akauliza kaskazini ni wapi, akatandika mswala kuelekea huko, kama afanyavyo nyumbani. Baada ya wiki mbili binti akapiga simu: wenzake kutoka Nyamira huelekea kulia kidogo. Nani amekosea?

Mama hana lawama. Kwetu pwani neno kibla hata hutumika kwa maana ya kaskazini, na lina sababu. Mombasa iko takriban longitudo 39.7 mashariki, Makkah 39.8, tofauti haifiki hata nusu digrii. Lakini Kisii iko 34.8, yaani magharibi zaidi, na huko milimani hakuna bahari ya kumwonyesha mtu upande.

Basi tuchore pembetatu. Kutoka Kisii twende kaskazini moja kwa moja hadi tulingane na Makkah: kama kilomita 2,450. Hapo tugeuke kwa pembe mraba, twende mashariki kama kilomita 550. Pembe tunayoitafuta ni ile ya Kisii tulikoanzia. Upande unaoikabili ni 550, ule ulio kando yake ni 2,450. Gawa wa kwanza kwa wa pili: 0.2245. Hiyo ndiyo tanjenti ya pembe yetu.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Wamezoea kupewa pembe na kutafuta tanjenti, basi wakipewa tanjenti huibonyeza tena kana kwamba nayo ni pembe. Njia ni kulisoma jedwali kinyume: anza ndani, tafuta 0.2245, kisha toka hadi ukingoni usome digrii. Tanjenti ya 12 ni 0.2126, ya 13 ni 0.2309. Yetu imo katikati. Kikokotoo nacho kina kitufe cha kurudi nyuma, chenye alama ya tan na moja hasi juu yake, hutoa 12.65.

Dunia ni mviringo, kwa hiyo hesabu kamili hupungua kidogo: Kisii ni digrii 12 na theluthi hivi, Nyamira, iliyo mashariki kidogo, 12. Hesabu hizo kamili hazikuanza jana. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya kupima mahali pa miji, na miongoni mwa makusudio yake ilikuwa kibla ya Ghazna.

Digrii 12 huonekana ndogo juu ya mswala. Ukifuata kaskazini tupu kutoka Kisii, utafika usawa wa Makkah ukiwa katika jangwa la Sudan, zaidi ya kilomita 500 magharibi yake, na Bahari ya Shamu ingali mbele yako. Hukumu ya swala zilizokwisha kuswaliwa tunawaachia masheikh. Sisi tumeulizwa pembe.

Binti tulimwambia achukue chaki na rula. Apige mstari wa sentimita 100 kuelekea kaskazini ya dira, mbali na vitanda vya chuma. Mwishoni apime sentimita 22 kuelekea mashariki, kisha aunganishe alipoanzia na alipoishia. Ameshauchora mstari huo bwenini, na mswala sasa unaufuata.